Kumkumbuka Eleuterio Bustamante, Aliyetuchagulia Bunduki

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya baridi ulipokataa kuamka, na kahawa aliyokumiminia Mama ikapoa mezani. Tumeupitisha mwaka huu. Hatusemi tumeuzoea.

Hapa wilayani kwetu Frio watu walikuja kwako kabla ya kwenda dukani. Mtu alishuka kwenye pikapu yake akitaka bunduki ya nguruwe mwitu, ile aliyoiona kwenye televisheni, kubwa kama bomba la maji. Hukumcheka. Ulimminya bega kama fundi cherehani anayepima koti, kisha ukamuuliza, "Wewe unataka nguruwe, au unataka kelele?"

Wengi walitaka kelele. Uliwaambia wazi kwamba bunduki inayokutisha itakufumbisha macho kabla hujafyatua, na risasi ya mtu aliyefumba macho haina mwenyewe. Kwa kulungu wetu wembamba uliwachagulia bunduki nyepesi. Aliyekuwa akienda New Mexico kuwatafuta wale kulungu wakubwa wa milimani ulimpa nzito, na sharti la kufanya mazoezi hadi aache kujikunja. Kwa dume la nguruwe, lenye gegedu begani nene kama soli ya kiatu, ulihimiza risasi kuliko bunduki. Iwe nzito, ngumu, isipasukie juu ya ngozi. "Mnyama hajui umenunua nini," ulisema. "Anajua imemwingia wapi."

Ulipenda pilipili mbichi. Ulichukia kofia ndani ya nyumba. Kanisani uliimba vibaya, tena kwa sauti kubwa. Desemba, tulipokaa sote kufunga tamale, ule unga wa mahindi wenye nyama ndani, kwenye maganda ya mahindi, wewe ndiye uliyekatakata nyama ya nguruwe, na hakuna aliyethubutu kukupokea kisu.

Kisha bega lako la kulia likaharibika. Lilipasuliwa, likashonwa, na daktari akasema kitako cha bunduki kisiliguse tena. Ukazipaka bunduki zako mafuta, ukazigawa moja moja, na zilipokwisha ukakaa dirishani, mikono mapajani. Waliokuja kuuliza uliwajibu, "Waulizeni vijana." Nguruwe wakafukua mbegu za karanga za Mama, mstari baada ya mstari, na hukuinuka hata kutazama. Hapo tukaogopa. Mtu anaweza kuondoka huku kiti chake bado kimekaliwa.

Mama alinunua mbegu nyingine. Akatuambia kwamba hizi nazo zikiliwa, shamba atalikodisha kwa wageni na halitatajwa tena nyumbani kwake. Ulimsikia. Siku ya pili ulitoka bila kuaga, ukarudi na bastola ya kuwindia, ya mtutu mrefu na darubini juu, inayopakiwa risasi moja tu. Ulikuwa umejichagulia. Teke lake lingepokelewa na viganja na viwiko, si bega.

Mjomba Chon, kaka yake Mama, alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Shemeji, unakwenda kuwinda au kuiba benki?"

"Benki gani ina nguruwe?"

"Risasi moja! Ukimkosa atakukimbiza."

"Atakukimbiza wewe kwanza, Chon. Una mafuta zaidi."

Ukajipima kama ulivyokuwa ukiwapima wengine. Uliweka mfuko wa mchanga juu ya boneti ya pikapu ukingoni mwa shamba, ukalenga sahani ya bati. Sahani ilipowekwa popote hadi kwenye mgunga uliosimama peke yake shambani, kila risasi iliitoboa. Sahani ilipopelekwa mbele zaidi, baadhi zilipotea. Ukajifuta jasho. "Basi," ukasema, "dunia yangu inaishia kwenye mgunga."

Mbegu zilipofukiwa ulitupeleka ukingoni kabla ya alfajiri. Chon ulimruhusu kwa sharti kwamba aache bunduki nyumbani. Kama ungekosa, apate nafasi ya kukucheka vizuri. Kulipopambazuka dume lilikuwa limeshafika, kubwa, jeusi, mbali kuliko mgunga, likila kwa raha.

"Mpige!" Chon alinong'ona. "Anamaliza mbegu za dada yangu!"

"Yuko nje ya dunia yangu."

"Dunia gani tena, shemeji? Piga!"

Hukupiga. Ulilala kifudifudi ukaanza kutambaa kwenye matuta, mkono wa kulia umeubana kifuani. Dume likala mstari mmoja, likaanza wa pili. Nilitamani upige, Baba, hata kwa kubahatisha. Wewe uliendelea na tumbo lako kwenye udongo. Ulipofika kwenye mgunga ulikaa, ukaegemea shina, ukaweka mikono juu ya magoti, ukangoja ligeuke ubavu.

Mlio ulikuwa mmoja. Dume lilianguka pale pale liliposimama.

"Shemeji!" Chon akapaza sauti. "Umetambaa kama kobe, nilishaanza kukuombea!"

"Basi malizia sala, uje uniinue."

Mama alipotuona hakusema neno kuhusu nguruwe. Alikutazama kifuani. "Shati la Jumapili, Eleuterio!" Kisha akageukia jiko ili tusimwone uso.

Karanga zilichipua. Shamba halikukodishwa. Watu wakaanza tena kuja kuminywa mabega, na tukawa nawe misimu mitatu mizima, ukibishana, ukiimba vibaya, ukiwasogelea nguruwe karibu kuliko ulivyowahi kuwasogelea enzi za bega zima.

Tulidhani bega lingekuchukua kabla ya siku zako. Halikuweza. Kifo kilipokuja, kilimkuta mwindaji.

Unakumbukwa na mkeo Herminia, wanao Nereida na Rogelio, mkweo Dalia, mjukuu wako Ismael, shemeji yako Encarnación, ambaye sisi sote tunamwita Chon, na majirani wote uliowaminya mabega.

Daima u wetu, Baba, na sisi daima ni wako.