Usipulize Vumbi la Mfupa

Karakana ya Mjomba,
Nyuma ya bucha.
Jumanne, 14 Mei. Asubuhi ya manyunyu, upepo hakuna.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo wewe, shemeji hajambo, na huyo mwanangu anayeota meno je? Vipele vya joto shingoni vimepoa? Sisi huku wazima. Mgongo wangu ulileta maneno wiki iliyopita, nikaukanda kwa maji moto, ukanyamaza.

Kwanza hongera. Picha ya kisu chako cha kwanza nimemwonyesha kila aliyeingia hapa. Mpini wa mfupa umekaa vizuri, ila ukingo ule wa karibu na kidole cha shahada uulainishe zaidi, utachubua mtu.

Sasa lililonishikisha kalamu. Umeandika kwamba mvua ikinyesha unapiga tupa chumbani, na mtoto ameshajua kufutua mashavu na kupuliza vumbi kama wewe. Nilicheka, halafu sikucheka tena. Kupuliza kule tumekurithi sote kwa Mjomba: tupa mara tatu, fuu!, kisha unainua mpini jichoni. Tuliona ndio ufundi wenyewe. Kumbe vumbi la mfupa ukilipuliza linakurudia usoni, linashuka kifuani, na likishatua huko halitoki kwa kukohoa. La pembe za kulungu ni hivyo hivyo.

Mjomba umemsikia mwenyewe kwenye simu. Hukohoa mpaka anashika jiliwa la kubania mifupa mezani asianguke. Usiku namsikiliza kupitia ukutani, na shajara yangu ya mwezi huu imejaa saa nane, saa tisa. Daktari alimwambia aache vumbi, si kazi. Yeye akarudi kutuambia daktari hajui kushika tupa.

Nikamwekea beseni la maji na barakoa. Barakoa akaivisha chupa ya gundi. "Fundi hafungwi mdomo kama ndama," akasema.

Mwenye bucha, anayetuletea mifupa, akamchokoza: "Sikio la kufa halisikii dawa, mzee. Ukienda, hii mifupa nimpe nani, mbwa?"

"Sikio langu zima," Mjomba akajibu. "Kibishi ni kifua." Wakacheka, naye akapuliza tena.

Ijumaa nikamsomea barua yako. Nilipofika kwa mtoto alicheka hadi machozi, akataka nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Huyo mjukuu wangu anapuliza akiwa wapi?" Nikamwambia, mapajani kwako wewe mama yake, pale pale mezani.

Akaiweka tupa chini. Kisha akaivua chupa barakoa yake, akaivaa, akatumbukiza mpini majini. "Mwandikie," akasema kwa sauti ya ndani ya chungu. "Mwambie mwenye mtindo ameuacha."

Basi nakuandikia. Kata na piga tupa nje, upepo ukikupiga mgongoni. Lowesha mfupa, tumia msasa wa maji, na tope lake ulifute kwa kitambaa kibichi. Likikauka, ufagio utalirusha upya. Nunua barakoa ya mafundi, ile inayobana pua, maana leso ni mapambo tu. Nguo za kazi uzivue kabla hujambeba mtoto. Mvua ikinyesha, funga kazi. Kisu hakiozi.

Mfupa mbichi uchemshe kwa moto mdogo, katika sufuria yake yenyewe, isirudi jikoni. Ukiuchemsha kwa fujo utakuja kupasuka mkononi mwa mteja. Ukisikia harufu ya nywele zinazoungua, msumeno unakwenda mbio, upumzishe. Na makali ya kisu yafunge kwa kitambaa kinene kabla hujagusa mpini. Vidole vyako navijua, havina subira.

Kazi hii utaiweza, sina shaka hata chembe. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, na Mjomba amekiri hivyo mbele ya watu.

Msalimie shemeji, mama mkwe wako mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, na jirani yenu mshona viatu. Mwanangu mbusu mashavu yote mawili, umfundishe kupuliza uji. Mungu awatunzie vifua na vidole.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ukiwa mgongoni kwangu.

Nimesahau: jana Mjomba alikohoa mara mbili, kisha ukuta ukanyamaza. Nililala saa nne kasorobo.