Masaa Kumi na Tatu ya Tonton Gaston

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Papa amefariki jana. Nimeandika. Basi.
Nyumba yetu ya Nguba, hapa Bukavu, imejaa watu na viti vya kuazima. Swali ni moja tu: Placide atafika lini? Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza juu ya jeneza la baba. Kaka yangu Placide yuko Montréal, mwaka wa kumi na moja, hajarudi hata mara moja. Mimi nimemwogesha Papa miaka miwili, nimemlisha, nimeacha kazi yangu ya bureau, ofisini. Hakuna aliyeniuliza hata kama nimekula!

Jumanne, 14 Oktoba
Tonton Gaston, mdogo wake Papa, ameshika usukani. Alifundisha géographie miaka thelathini. Ameniamuru nitafute kwenye simu: Montréal mpaka Kavumu, uwanja wetu wa ndege. Tovuti ikajibu — kilometa elfu kumi na moja na mia mbili, masaa kumi na tatu na dakika arobaini. Akaandika, akapiga mstari chini. Placide anapanda ndege leo jioni, basi kesho jioni yuko nyumbani. Mazishi Alhamisi.
Nikasema hiyo ni hesabu ya mstari mnyoofu. Kavumu hakuna ndege inayotua tangu vita ya Februari. Placide atapita Bruxelles, Kigali, halafu basi, halafu mpaka wa Ruzizi.
"Weye ndiye utanifundisha miye kusoma carte, ramani? Leta chai."
Nimeleta chai.

Jumatano, 15 Oktoba
Tangazo limesomwa misa ya asubuhi: kesho saa nne misa ya mazishi, kisha kuzika Walungu, kwenye shamba la Papa.
Saa saba Placide ameniandikia. Yuko Bruxelles. Ndege ya Kigali ni kesho, Bukavu atafika Ijumaa asubuhi. Nimwambie Tonton.
Tonton alikuwa pale pale, hatua tatu, anagombeza watu wa viti. Nimerudisha simu mfukoni, sikumwambia.
Hasira, ndiyo. Naiandika hapa kwa sababu sina pa kuisema. Kila Papa alipozidiwa, Placide alikuwa "mbali". Acha awe mbali kesho pia!
Jioni wote waliangalia mlango. Tonton akasema labda avion imechelewa kidogo.

Alhamisi, 16 Oktoba
Walungu. Niko ndani ya gari, peke yangu. Kaburi liko wazi. Misa imekwisha bila Placide. Tonton amezeeka kwa siku moja. Amenishika bega: "Kama Placide hakufika, ni weye utatupa wa kwanza. Weye ndiye ulimuchunga muzee."
Nimelia. Neno nililolingoja miaka miwili — limekuja leo!
Wakati wa misa simu ilitetemeka. Placide: "Naingia avion ya Kigali. Musimuzike bila miye, dada. Naomba." Sasa yuko hewani, hapatikani. Anayejua ni mimi tu.
Padiri anasema yuko tayari kungoja. Jeneza lilale kanisani hapa mpaka kesho, lakini apate mtu wa kumhakikishia kwamba Placide yuko njiani. Wote wamegeuka, wanaangalia gari.
Tonton anakuja. Kwenye mkono wa kushoto nina udongo. Niliuokota mapema, kabla ya wote, wasije wakanipita. Anagonga kioo. Anauliza kama Placide ameandika. Naachia udongo, nampa simu.