Kurasa Zilizokatwa kwa Wembe

Jumatatu, 2 Juni
Nimefagia maktaba, nimefungua madirisha ya upande wa bustani. Wasomaji wanne tu, wanafunzi wa sekondari. Mchana nilitoa daftari la marehemu mwalimu aliyeanzisha kituo chetu cha utamaduni, lile aliloandika kwa mkono majina ya mimea ya dawa kwa Kindamba, lugha ya bonde hili. Hakuna nakala nyingine popote. Ukurasa wa kumi na mbili haupo. Umekatwa kwa wembe, safi kabisa. Sijamwambia mtu.

Jumanne, 3 Juni
Nimekagua upya. Kurasa tatu. Kabati nalifunga, lakini ufunguo unakaa kwenye droo yangu na kila mtu hapa kituoni anajua. Nani ana shida na majina ya mimea? Baba Kasiani, mtunza bustani. Ndiye anayeipanda. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama karibu na kabati. Eti anakwepa jua.

Alhamisi, 5 Juni
Namchungulia dirishani. Anapalilia, anainua kichwa, ananiona, anainama tena. Mtu asiye na kosa hainami hivyo.

Nimekunywa chai na Rehema, mchoraji wetu, kwenye banda lake. Anahangaika na picha kubwa ya maonyesho. Nikamweleza yote. Alikoroga chai muda mrefu, kisha akasema, "Wazee wa dawa hao, huwezi jua." Ikanitosha.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemwambia mkurugenzi. Baba Kasiani akaitwa barazani, mfuko wake ukamwagwa mbele yetu sote. Kandambili, panga dogo, mbegu kwenye kitambaa, kipande cha muhogo. Hakuna karatasi. Mkurugenzi akasema akapumzike nyumbani kwanza. Mzee wa miaka sitini na kitu. Aliokota vitu vyake kimoja kimoja, hakuna aliyeinama kumsaidia. Rehema alikuwa anaangalia kucha zake.

"Mama Agnesi, mimi kusoma sijui," akaniambia. Akaondoka.

Sikumwamini. Nilitaka nisimwamini.

Jumanne, 10 Juni
Ukurasa mwingine umekatwa. Ijumaa jioni ulikuwepo, niliuona kwa macho yangu. Na Baba Kasiani yuko kijijini kwao Namawala tangu siku ile.

Sasa namshuku kila mtu. Mlinzi. Mkurugenzi mwenyewe. Nimehamishia ufunguo kwenye pochi yangu.

Jumatano, 11 Juni
Rehema alikuwa ametoka kutafuta misumari. Niliingia bandani kuchukua kikombe changu. Picha imesimama wima: mto, bonde, wanawake wanavuna mpunga. Jua lilikuwa linaipiga kwa pembeni, na chini ya rangi ya kijani nikaona mwandiko. Nikasogea. Mwandiko wa mwalimu. Amebandika kurasa, akapaka rangi juu yake.

Alinikuta pale pale. Hakukana.

"Nilitaka bonde lizungumze lenyewe, Agnesi. Kule kabatini nani anazisoma?"

"Na siku mfuko wa mzee unamwagwa?"

Akaweka misumari mezani.

Nilimchukia. Nikaenda kwa mkurugenzi, nikasema, na picha imefungiwa ofisini. Lakini jina la Baba Kasiani si Rehema aliyelitaja kwanza. Ni mimi.

Jumapili, 15 Juni
Baada ya misa nimekwenda Namawala kwa bodaboda. Baba Kasiani na mkewe walikuwa wanapepeta mpunga. Shikamoo. Marahaba. Nilisema yote nimesimama juani, bila kujitetea. Kwamba nilimsingizia. Kwamba nimekuja kuomba msamaha. Kwamba mkurugenzi anamwomba arudi kazini.

Mkewe hakunipa kiti. Walipepeta ungo mzima, wakaanza mwingine.

Kisha akauliza, "Miche inamwagiliwa?"

Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa, akaendelea na kazi yake.

Nimefika kituoni saa kumi. Hapakuwa na mtu. Nimechukua ndoo, nikaanza na miche iliyonyauka zaidi.