Kiti Changu Golini

Pentrewen, Wales

Kaka Idwal,

Huku mvua haijakatika wiki nzima, na kuku wangu wamegoma kutaga.

Uwanja wetu wa mpira umeuzwa kwa watu wa raga, na sisi wanachama wa klabu hatukuulizwa. Juzi walikuja kung'oa magoli. Nikaweka kiti katikati ya goli, nikakaa nikifuma soksi.

"Bibi, toka. Tuna hati," akasema mkubwa wao.

"Basi njoo uniinue."

Hakuthubutu. Akina mama wakaja na viti vyao, goli likajaa, na watu wa raga wakaondoka.

Aliyetia sahihi hiyo hati kwa niaba ya klabu ni shemeji yako, mume wangu Gethin. Akiniuliza chakula kiko wapi, namwambia akawaulize watu wa raga.

Jumamosi tunacheza saa tisa, mvua inyeshe isinyeshe.

Dada yako,
Nesta