Anayeziita Kanda Zilizolala

4 Februari

Mpwa wangu,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, na mama yako pia, na lile goti lake linalogombana na ngazi. Mimi sijambo, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unaamka kabla yangu.

Uliniuliza kwenye simu kazi yangu hasa ni nini, laini ikakatika. Basi nakuandikia. Nipo kwenye ukumbi wa kanda, ukumbi wa tisa. Ni mrefu, hauna madirisha, una baridi mwaka mzima. Rafu zimesimama mistari kwa mistari kama watu wanaosubiri kitu bila haraka. Kanda yenyewe inaenea kiganjani, na ndani yake kuna mambo ya watu: picha, hesabu za kampuni, vipimo vya mvua, sijui. Mteja akitaka kitu chake cha zamani, taa inawaka, namba inatokea, mimi naifuata kanda kwa mguu na kuitia kwenye mashine ya kusomea. Sisi tunasema kanda imeitwa. Zamani zilikuwa zinaitwa mpaka tunapigana vikumbo. Sasa nakunywa chai naona kitako cha birika, na taa haijawaka.

Ukikaa sana mle, akili inaanza kuelea. Feni zinavuma sauti moja tu, mpaka unasahau kwamba ni sauti. Jana nilisimama katikati ya rafu nikawa na hakika kabisa kwamba nipo chini ya maji na kanda zote zinapumua. Mwenzangu, tunamwita Makoti kwa sababu huvaa mawili, akanigusa bega: "Mzee, unalala wima kama farasi!"

Sasa sikiliza. Msimamizi amebandika tangazo. Wenye ukumbi wanatafuta mwanafunzi wa kompyuta wa chuo kikuu, wampe rekodi zote za miito, aone matumizi ya umeme yanavyoweza kubanwa. Nimelinakili nyuma ya karatasi hii. Omba. Usiniambie huwezi, wewe uliyeifungua redio yangu ukiwa na meno mawili.

Mjomba wako

19 Juni

Shikamoo mjomba,

Huku hatujambo. Mama anasema huo mgongo uukande kwa maji ya moto, na uache kujifanya kijana. Goti lake anasema halikuhusu.

Mjomba, nilichaguliwa! Nilisubiri kukuandikia mpaka niwe na la kusema, na sasa ninalo. Kazi yangu iko hivi. Kitu kinachoitwa mara kwa mara kinafaa kukaa karibu, kwenye kompyuta zenye kasi. Kisichoitwa kinapelekwa mbali, kwenye kanda. Na kisichoitwa kabisa kinafutwa, kwa sababu kukitunza kunakula umeme. Mimi naifundisha programu isome miito ya zamani, ibashiri ijayo.

Katika rekodi za ukumbi wako imeona jambo la ajabu. Kanda ikisahaulika muda mrefu sana, ndipo mtu huiita. Iliyosahaulika zaidi huitwa kabla ya nyingine! Ni kama watu huko duniani wanashtuka wote kutoka usingizini, wanakumbuka kitu walichokiacha. Profesa wangu alivua miwani, akaivaa, akasema, "Rudia kuhesabu." Nilirudia. Iko vile vile.

Na kuna jingine ambalo sidhani mmeambiwa. Wenye ukumbi walikuwa wameshaamua kuufunga. Matokeo haya yamewasimamisha. Wanasema kama vitu vya zamani vinaitwa hivyo, basi ubaki, na huenda wakajenga mingine. Oktoba nitasimama mbele ya wataalamu kuyaeleza. Mama ameshamwambia kila jirani, hata yule wasiyesalimiana naye.

Mpwa wako

8 Julai

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mgongo nimeukanda, mwambie mama yako umekubali nusu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nikamsomea na Makoti. Yeye alicheka mpaka akavua koti moja. Mimi sikucheka. Mwanangu, huyo anayeziita ni mimi.

Kanda ikilala sana bila kuzunguka, utepe wa ndani unagandana. Kwa hiyo kazi ikipungua tunaziamsha: tunaitia kanda kwenye mashine, inasomwa mwanzo hadi mwisho, inarudi kulala. Mashine haina kitufe cha kuamsha. Tunabonyeza kile kile cha mteja. Kila aliyefanya kazi hapa amefanya hivyo, na hakuna aliyefikiri kwamba kila kubonyeza kunaandikwa kwenye rekodi kama mwito.

Na mimi nina tabia yangu. Huanza na ile iliyokaa zaidi. Naipangusa vumbi, naitia, naweka kiganja juu ya mashine nasikia inavyozunguka. Saa nyingine naona vitu. Mara uwanja wenye watoto, mara mwanamke anasoma namba kwa sauti ya chini. Najua ni usingizi tu, kanda haionyeshi kitu. Makoti huniuliza, "Leo unamchumbia yupi?"

Ndiyo hivyo. Hakuna watu waliokumbuka. Nimeona ni heri nikwambie kabla hujasimama mbele ya hao wataalamu.

Mjomba wako

15 Septemba

Shikamoo mjomba,

Mama hajambo. Mimi sijui. Unisamehe kwa kunyamaza.

Nililipima ulilosema. Nimeitoa miito yote iliyofanywa wakati wateja wamefunga ofisi zao na nyinyi mpo zamu. Ilikuwa karibu yote. Nikaifundisha programu upya. Imekuwa ndogo, nyepesi, inafanya kazi hata kwenye kompyuta yangu hii iliyopasuka kioo, na inabashiri vizuri kuliko nilivyowahi kuota. Bila wewe ndani yake, mjomba, ni programu nzuri. Hilo ndilo linaloniuma.

Maana sasa inasema ukumbi wa tisa hauitwi na mtu. Nikiyasema hayo Oktoba, wataufunga. Nikinyamaza, utabaki kazini. Mimi na wewe tu ndio tunaojua, na Makoti. Nimekaa na karatasi mbili mezani, ya kweli na ile nyingine, nazitazama mpaka maandishi yanaanza kutembea.

Ni wewe uliyenionyesha tangazo. Nitakufukuzaje kazi kwa mkono wangu? Niambie nifanye nini.

Mpwa wako

24 Septemba

Mpwa wangu,

Kula kwanza. Najua hujala.

Nitoe.

Nilimwambia Makoti kabla ya kukuandikia, kwa sababu na yeye ana mdomo wa kulisha. Alinuna. Alisema, "Kwa hiyo mpwa wako anatufuta na sisi?" Mwisho wa zamu akaja na vikombe viwili, akasema tungekuwa kichekesho: wajenge kumbi nyingine na kumweka mtu kwenye baridi ya kila ukumbi, kwa sababu ya mzee mmoja aliyekuwa anaua muda. Bado amekasirika, na ana haki. Lakini ile chai aliileta.

Mimi nitakwambia la kwangu. Nimechoka. Kila mwaka nawaambia wewe na mama yako nitarudi nyumbani mwakani, na kila mwaka naogopa, sijui hii mikono itafanya nini huko. Nilikuwa nangoja mtu aniambie toka. Usijione mbaya kwa kuwa ni wewe. Afadhali wewe kuliko mgongo.

Simama, sema kweli, usinitaje kwa huruma. Sema wafanyakazi walikuwa wanaziamsha. Ni neno zuri, watalipenda.

Mjomba wako

2 Desemba

Mpwa wangu,

Mzima? Hukuandika, lakini Oktoba ilipopita msimamizi alituita, nikajua umesimama na umesema. Aliitaja kazi yako kwa heshima, bila kujua ni ya nani. Nilitazama chini nisije nikacheka kwa fahari.

Wateja waliulizwa wanataka nini kibaki. Yalitoka makasha machache. Zilizobaki tulizipitisha kwenye mashine ya kufuta, moja moja, mimi na Makoti, hatuna haraka. Kila moja niliiwekea kiganja. Sikuona kitu, mwanangu, wala uwanja wala mwanamke. Zilikuwa kanda tu, na zilikuwa na joto.

Leo mchana walizima feni. Hujui ukimya ule. Ulishuka kutoka darini kama nguo inayoanguka, na Makoti akaanza kuongea kwa kunong'ona kama vile kuna mtoto. Kisha wakafungua milango yote miwili, hewa ya nje ikaingia na joto lake, ikapita kwenye rafu tupu mpaka mwisho. Makoti alivua yote mawili. Alikuwa mwembamba! Nimefanya naye kazi miaka yote hiyo nikidhani ni mtu mnene.

Barua hii inatangulia na basi la usiku, langu ni la asubuhi. Mwambie mama yako asihangaike na kitanda, nitalala popote palipo na dirisha. Usiijibu barua hii. Hapa hatakuwepo mtu wa kupokea jibu.

Mjomba wako