Bonde la Solange

Jumatatu, 2 Machi
Kusafisha data tena. Wamama wa kambi ya waliokimbia vita hupigiwa simu kila jioni, wanataja hali ya moyo, sifuri mbaya hadi kumi nzuri. Sisi tunachora ramani: hali ambayo moyo hupenda kuirudia ndiyo bonde. Likitokea bonde moja tu, la utulivu, ziara za washauri wanaowafariji kambini zitakatwa. Profesa anataka algoriti moja ya kuichora, yangu au ya mwenzangu Solange. Mwenye algoriti hiyo atakwenda Kisangani kuieleza mkutanoni. Nataka niwe mimi.

Alhamisi, 5 Machi
Profesa kamchagua Solange. Algoriti yake inahesabu tu hali zinazoonekana mara nyingi, kisha inageuza chati juu chini ili vilele viwe mabonde. Yangu inafuata mwendo: leo mtu yuko hapa, kesho anasukumwa wapi. Profesa anasema yangu inadai siku nyingi zisizo na pengo, na rezo, mtandao wa simu wa hapa, inakatika ovyo. Yuko sahihi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Namwonea wivu Solange. Hata kicheko chake nimekichukia.

Jumamosi, 7 Machi
Bonde moja. Lina kina, safi, kwenye nane. Solange aliangalia skrini, akachukua mkoba wake, akatoka. Anaringa, nikasema moyoni. Ziara zitaisha mwezi huu. Nitakwenda kambini mwenyewe kutafuta kosa lake.

Jumatatu, 9 Machi
Pikipiki kutoka mtaa wa Mudzipela hadi kambini, vumbi mpaka menoni. Simu ya jioni imenikuta kwa Mama Véronique, aliyekimbia vita kule Djugu. Sauti ya simu ikamwuliza: Habari ya leo, mama? "Muzuri. Nane." Akakata simu, akanisogezea kiti.
"Ile ni salamu, mutoto yangu. Salamu unaijibu mubaya namna gani? Siye huku, usiku usingizi haiko."
Swali lile aliliandika Solange! Nimerudi nikiimba.

Jumanne, 10 Machi
Nimeyamwaga yote mbele ya profesa, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Solange akafungua kompyuta yake. Kumbe alishalishuku swali lake mwenyewe. Kuna wamama wachache anawauliza mwenyewe, asubuhi na jioni: salamu kwanza, zikiisha ndipo anauliza kama walilala. Rezo ikikatika, anakwenda kwa miguu. Hakuna pengo hata moja. Alikuwa anangoja siku zitoshe.
"Kwa data hizi za wamama wachache, algoriti ya kwangu haifai," akaniambia. "Tuweke ya kwako."
Nilikuja kumwangusha. Nimeona haya. Na nimemchukia zaidi.

Alhamisi, 12 Machi
Algoriti yangu imekubali data yake. Mabonde mawili. La utulivu halina kina. La pili, la kukesha, liko chini sana, na kilima cha katikati ni kifupi: jambo dogo linatosha kumwangusha mtu humo. Ziara zinaendelea. Nimefurahi kwa ajili ya wamama, kweli kabisa.
Kisangani anakwenda Solange, kwa kuwa data ni yake. Profesa aliuliza kama nakubali. Nimekubali.

Ijumaa, 13 Machi
Mvua. Mchana kutwa nimemfundisha Solange jinsi ya kuieleza algoriti yangu. Nilitamani akosee, hata mahali pamoja. Ameelewa yote.