Kumbukumbu ya Baba Yetu Kornel, Aliyekataza Sinia la Sigara

Mwaka umetimia, Baba, tangu tulipokuzika hapa kihambani, kwenye shamba letu la nyumbani Kibosho, Juni 1977. Wenzetu wakitoa kumbukumbu huandika kwamba wana majonzi. Sisi pia tunayo, lakini tunayo na hasira, na Mama amesema tuiandike hivyo hivyo ilivyo.

Ulikuwa mtu wa utani. Ukipogoa mibuni uliigombeza kama watoto wavivu: "Na wewe, mwaka jana ulinipa nini?" Ndizi ya kwanza kuiva ulimfichia Mama nyuma ya mlango, kisha ukajifanya hujui imefikaje pale.

Sigara ulianza ukiwa mtoto. Babu alikuwa akikutuma jikoni kumwashia kwenye kaa la moto, nawe ilibidi uivute ili isizimike njiani. Hakuna aliyeona ubaya, maana mtoto mwenye adabu hatumwi mara mbili. Miaka ikapita, kikohozi kikawa chako. Mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya, tulisikiliza somo la kifua kikuu kwenye kikundi chetu cha redio, ukaenda mjini kupimwa. Daktari akakuambia huna kifua kikuu, ila tumbaku inakumaliza mapafu. Ulirudi ukatupa pakiti chooni, na hukuvuta tena.

Tangu hapo hukutulia. Kwenye ubatizo, harusi au msiba, wanaume wakianza kupitishiwa sinia la sigara, wewe ulilichukua ukaondoka nalo. Walikucheka, wakakuita Bwana Afya. Wengine walikununia. Lakini wapo walioacha kwa ajili yako, na leo wanapanda kilima cha kanisani bila kupumzika. Wewe ulikuwa umeshachelewa.

Ulipozidiwa ulimwita kaka yako, Baba Mkubwa Leodegar. Sote tulikuwepo.

"Kaka, nakuomba jambo moja tu. Nikifa, sinia la sigara lisionekane kwangu."

"Nimesikia," akasema.

Kusikia alisikia. Siku ya mazishi alikuja nalo mwenyewe, limejaa. Mama alipomzuia alimjibu mbele ya watu: "Shemeji, msiba gani huu hauna sigara? Mnataka ukoo uchekwe?" Basi wakavuta, Baba. Walikuvutia juu ya kaburi, udongo haujakauka. Kesho yake Anyesi na Thadeus waliokota vishungi vya sigara kwenye kaburi lako kwa mikono, huku wanalia. Ni heshima gani hiyo? Mtu ameuawa na kitu, mnamzika kwa kitu hicho hicho?

Hilo tungeweza kulimeza. La Gabriel limetukaa kooni. Mwanao huyu hakuwahi kuigusa sigara. Baba Mkubwa alimshika mkono akamwekea moja: "Vuta. Aliyembeba baba yake kaburini si mtoto tena." Angekataaje, mbele ya wazee wote? Alivuta, akapaliwa, wakacheka. Sasa anavuta kila siku, na asubuhi tukimsikia anakohoa, Mama huacha anachofanya akatoka nje.

Jumamosi hii kuna Misa yako, kisha watu watakaribishwa nyumbani. Mbege ipo, mtori upo. Baba Mkubwa ametuma neno kwamba sinia atalileta, kwa kuwa ndiyo desturi. Shikamoo, Baba Mkubwa. Tunakuheshimu, na jibu letu ni hili: ukija na sinia, utarudi nalo kutoka getini. Kama kuna kitu unataka kutuletea, lete jani la isale uombe radhi kama Wachagga wanavyoombana, nasi tutakupokea. Desturi iliyomla Baba haitaandaliwa nyumbani kwake.

Unakumbukwa na mkeo Redempta, na sisi wanao Odilia, Anyesi na Thadeus, na dada yako Mektrida wa Mwika. Gabriel amekataa tuandike jina lake pamoja na yetu. Amesema hawezi kuweka jina kwenye maneno haya wakati ana pakiti mfukoni.

Gabriel, njoo kwenye Misa, hata na hiyo pakiti. Mama amekuwekea nafasi kando yake.

Wewe, Baba, tutakukumbuka maisha yetu yote. Yeye hatutaki kumkumbuka. Tunataka tuwe naye.